A, An au The? Mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza

Barua nyingi za kuomba kazi huanza hivi: "I am teacher with diploma in education. I am writing to apply for post of..." Anayeisoma anaelewa kila kitu. Ila kabla hajafika mstari wa tatu ameshajua kwamba mwombaji bado anahangaika na Kiingereza, na sifa nzuri zilizofuata zinasomwa kwa mashaka. Yote hayo kwa sababu ya vijineno vitatu: a, an na the.

Wengi wetu tulifundishwa darasani kanuni moja tu: a ni kitu chochote, the ni kitu maalumu. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini haikuambii uanze na swali lipi. Matokeo yake mmoja anajaza the kila mahali kwa kuogopa kuacha pengo, mwingine haandiki hata moja. Kinachokosekana ni mpangilio wa maswali. Ukiyauliza kwa zamu inayofaa, hatua nne za kwanza hapa chini zitaondoa sehemu kubwa ya makosa yako.

Na usikubali ukiambiwa kwamba Kiswahili hakina namna ya kutofautisha kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Kinayo, na unaitumia kila siku. Hatua ya pili imejengwa juu yake.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Ukurasa mmoja wa Kiingereza ulioandika mwenyewe: barua, insha, au barua pepe ya kazini. Sentensi za vitabuni hazitakusaidia hapa, maana hazina makosa yako.

Kalamu ya rangi tofauti na ile uliyoandikia. Kama unatumia kompyuta, chapa ukurasa huo kwenye karatasi.

Kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, yaani ile inayoeleza maneno ya Kiingereza kwa Kiingereza chepesi. Oxford na Cambridge zote wanazo, na unaweza kuzisoma bure mtandaoni. Zina mambo mawili ambayo kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mara nyingi haina: zinaonyesha kama nomino inahesabika au haihesabiki, kwa herufi C na U au kwa neno kamili, na zina kitufe cha kusikiliza matamshi.

Mwisho, utulivu. Mara ya kwanza kazi hii huenda polepole, na ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 1: Pigia mstari kila nomino, kisha tazama kama kiti kimekaliwa

Pitia ukurasa wako na upigie mstari kila nomino. Mbele ya kila moja pana kiti kimoja tu. Akikaa mwenye nacho, a na the hazina pa kukaa.

Wanaokikalia kiti hicho ni my, your, his, her, our, their, this, that, these, those, every, each, some, any, no, which na whose. Jina la mtu lenye 's nalo hukikalia: gari la Asha ni "Asha's car", wala si "the Asha's car".

Kosa hili lina chanzo chake. Kwetu tunasema "kaka yangu", "kitabu hiki", "kila siku": umilikaji na uonyeshi mara nyingi huja nyuma ya nomino. Kwa hiyo mbele yake tunapaona patupu, tunapajaza, na tunapata "the my brother" au "at any the time". Ukikuta sentensi ya namna hiyo, futa the mara moja, hakuna cha kujadili.

Onyo: kivumishi hakikalii kiti. "Good teacher" bado inahitaji neno mbele: "a good teacher". Na kuna maneno machache ambayo a huja nyuma yake: "such a good teacher", "what a match", "half an hour".

Utajua umefaulu ukiwa umeweka alama ya vema juu ya kila nomino ambayo kiti chake kina mwenyewe. Hizo zimekwisha. Zilizobaki ndizo tunazoendelea nazo.

## Hatua ya 2: Uliza kama msomaji anajua ni kipi

Swali ni hili: msomaji akifika kwenye neno hili, anajua ni kipi hasa ninachokisema?

Msomaji, siyo wewe. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wewe unaijua tuzo uliyopewa mwaka jana, uliishika mkononi, basi unaandika "I was given the award". Mwajiri anauliza: tuzo ipi? Kwake ndiyo kwanza anaisikia. Iwe "an award".

Ukishindwa kuamua, iseme sentensi kwa Kiswahili na usikilize ulimi wako. Kuna vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza: kiambishi ndani ya kitenzi. Linganisha sentensi hizi.

Nimenunua simu. "I have bought a phone."
Nimeinunua simu. "I have bought the phone."

Ya kwanza ni habari mpya kabisa. Ya pili husemi isipokuwa mnayezungumza naye anajua simu gani, pengine ile mliyoiona pamoja dukani. Kile kiambishi -i- ndani ya kitenzi kimefanya kazi ambayo Waingereza wameipa the. Vivyo hivyo "ameleta kitabu" na "amekileta kitabu", "wamejenga daraja" na "wamelijenga daraja". Kama ulimi unavuta -ki-, -li-, -i- au -zi-, andika the.

Kipimo hiki kinafaa kwa vitu tu. Kwa watu tunasema "nimemwona mwalimu" hata kama ni mwalimu yeyote, kwa hiyo -m- haikuambii chochote. Kwa watu nenda kipimo kinachofuata.

Kipimo cha pili: nani anatangulia.

Mgeni amefika. "The guest has arrived."
Amefika mgeni. "A guest has arrived."

Mgeni akitangulia kitenzi, kwa kawaida alikuwa anatarajiwa. Akija nyuma, au ukilazimika kusema "kuna mgeni amefika", ni mpya. Sikiliza vizuri tofauti hiyo kabla hujaendelea, kwa sababu ukiisikia, tayari unazielewa a na the; kilichobaki ni kuziandika.

Kipimo cha tatu: yule, ile, kile au fulani. Weka neno hilo nyuma ya nomino. Kama "ile" inakaa bila kubadili maana, andika the. Kama "fulani" ndiyo inayokaa, andika a.

Onyo juu ya "mmoja". Tunasema "kuna mtu mmoja alikuja ofisini", na wengi wanaandika "There is one man who came to the office". Huyo mmoja wetu hahesabu watu. Anamleta tu mtu mpya kwenye mazungumzo. Kiingereza chake ni "A man came to the office". One iwekwe pale unapohesabu kweli: "I wanted two tickets but I got only one ticket."

Zipo sababu kadhaa zinazomfanya msomaji ajue. Umeshakitaja kitu hicho mwanzo: "I bought a phone. The phone was cheap." Au hujakitaja, lakini umetaja kitu kinachokibeba: "I bought a phone, but the battery was dead." Kila simu ina betri yake, hivyo msomaji haulizi betri ipi. Au kipo kimoja tu duniani au mahali mlipo: the sun, the moon, the government, the internet, na kwa wanaokaa nyumba moja, the kitchen.

Sifa ya kilele nayo hutosha kumjulisha, kwa kuwa anayeshika kilele ni mmoja: "Kilimanjaro is the highest mountain in Africa", "the first day", "the only child", "the same problem". Hapa the ikikosekana, kosa linaonekana kutoka mbali. Tahadhari moja: watu walio wengi ni "most people", bila the. "The most people in my village" si sahihi.

Halafu kuna maelezo yanayokuja nyuma ya nomino, na hapa nataka twende taratibu. Kitabu nilichonunua jana ni "the book I bought yesterday": kile -cho- kimekitambulisha kitabu. Lakini "tunatafuta mwalimu anayejua kuimba" ni "we are looking for a teacher who can sing". Mwalimu huyo bado hajapatikana, hajulikani ni nani. Hivyo -ye-, -cho- na -lo- zenyewe haziamui. Swali linabaki lilelile, anajulikana au hajulikani?

Mambo ni hayohayo kwa -a ya uhusiano. Mkurugenzi wa kampuni ni "the director of the company", kwa sababu kampuni huwa na mkurugenzi mmoja. Mfanyakazi wa kampuni ni "an employee of the company", kwa sababu wapo wengi. Ukiona of, jiulize: wangapi wanaweza kuitwa hivyo? Akiwa mmoja, the. Wakiwa wengi nawe unamtaja mmoja wao, a au an.

Utajua umefaulu pale kila the katika ukurasa wako inapoweza kujibu swali "ipi?" kwa maneno machache. Isiyojibika, izungushie duara.

## Hatua ya 3: Kama hajui, uliza kama kinahesabika

Nomino zilizobaki ni zile ambazo msomaji hajui ni ipi. Sasa kamusi inaingia kazini.

Kanuni ya hapa ni ngumu kama jiwe: nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, kwa kawaida haisimami peke yake. Lazima iwe na kitu kwenye kiti. "I am teacher" imevunja kanuni hii. "She has diploma", "he is driver", "we need car", zote zimeivunja.

Kwetu "mimi ni mwalimu" imekamilika, na ndiyo maana jicho letu halioni pengo. Basi lifunze jicho: kila ukiandika am, is, are au was ikifuatwa na kazi, dini au uraia wa mtu mmoja, simama. "I am a nurse." "He was a driver." "She is a Muslim." "I am a Tanzanian." Ukitaja uraia kama kivumishi, "I am Tanzanian", ni sawa pia. Kinachosamehewa ni cheo cha mtu mmoja tu: "Samia Suluhu Hassan became President of Tanzania in 2021."

Ikiwa katika wingi na msomaji hazijui, usiweke kitu, au weka some: "I bought books", "I bought some books". A haiendi na wingi, isipokuwa ndani ya mafungu kama "a few".

Kazi kubwa iko kwa nomino zisizohesabika, kwa sababu Kiswahili na Kiingereza havikubaliani juu ya nini kinahesabika. Sisi tunasema taarifa tatu, mizigo miwili, mikate minne. Kwa Kiingereza information, luggage na bread hazina wingi na hazipokei a. Ziandike hizi daftarini mwako, maana ndizo zinazowaangusha watu kila leo:

- ushauri: advice
- habari za redioni au gazetini: news
- samani: furniture
- vifaa: equipment
- utafiti: research
- ushahidi: evidence
- maendeleo: progress
- kazi ya nyumbani ya wanafunzi: homework

Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo: "a piece of advice", "a loaf of bread", "a bar of soap", "two pieces of luggage".

Neno "kazi" lina mtego wake. Work haihesabiki, job inahesabika. "I am looking for work" na "I am looking for a job" zote ni sahihi. "I am looking for a work" siyo.

Experience ndiyo inayoharibu barua za kazi kuliko neno jingine lolote. Kwa maana ya uzoefu haihesabiki: "I have five years' experience in teaching". "I have an experience of five years" si sahihi. Kwa maana ya tukio lililompata mtu inahesabika: "It was a terrible experience". Kamusi itakuonyesha C kwa maana moja na U kwa nyingine, kwa hiyo soma mpaka uifikie maana unayoitaka. Chicken pia ni hivyo: "a chicken" ni kuku anayetembea uani, "chicken" ni nyama sahanini.

Kabla ya kuondoka hapa, shika tofauti hii. "A few friends" ni marafiki wachache, wapo, ninao. "Few friends" ni marafiki wachache mno, karibu sina. "A little money" inatosha nauli. "Little money" ni kulalamika. Herufi moja inageuza shukrani kuwa malalamiko.

## Hatua ya 4: Chagua a au an kwa sikio

Hatua hii ni nyepesi, mradi ufunge macho na ufungue masikio. An huja kabla ya sauti ya irabu, a kabla ya sauti ya konsonanti. Sauti, siyo herufi.

Hour inaandikwa kwa h lakini h haisikiki: "an hour", na pia "an honest man". Uniform inaandikwa kwa u, lakini inaanza kwa sauti ya "yu": "a uniform", "a university", "a European", "a Ugandan". One inaanza kwa sauti ya "wa": "a one-day seminar". Year inaanza kwa y, hivyo ni "a year". "An year" si sahihi.

Vifupisho hufuata jinsi unavyovitamka. Ukisoma herufi mojamoja, sikiliza herufi ya kwanza inaitwaje kwa Kiingereza: "an NGO", "an MP", "an SMS", "an HIV test", "an M-Pesa agent", "an SGR ticket", kwa sababu majina ya N, M, S na H huanza kwa irabu. "A UN report", kwa sababu U inaanza kwa "yu". Ukikisoma kifupisho kama neno moja, sikiliza neno: "a NIDA number", "a NECTA certificate". Tarakimu nazo ni hivyo: "an 8-hour shift", "an 18-year-old girl".

Kinachoamua ni neno linalofuata papo hapo, hata kama siyo nomino yenyewe: "a year" lakini "an academic year", "an egg" lakini "a boiled egg".

Utajua umefaulu ukisoma kwa sauti na ulimi usikwame popote.

## Hatua ya 5: Ondoa the kwenye kauli za jumla

Wanaojua kwamba Kiingereza kina the mara nyingi huizidisha hapa. "The life is hard." "The corruption is bad." "The education is important." Zote zinahitaji kuvuliwa the.

Ukizungumzia kitu kwa ujumla wake, popote kilipo, nomino isiyohesabika na nomino ya wingi husimama wazi: "Water is life", kama tunavyosema maji ni uhai. "Elephants need a lot of water." "Teachers work hard."

The inarudi pale unapopunguza: "The water in this well is salty." Hayo ni maji ya kisima hiki. "The teachers at our school work hard."

Mfano wa kukumbuka ni msemo tunaoutumia sana, elimu ni ufunguo wa maisha: "Education is the key to life." Education haina the, ni elimu yote. Key inayo, kwa sababu imetambulishwa na maneno yanayofuata. Life haina, ni maisha kwa ujumla. Ukiweza kueleza sababu hizo tatu bila kutazama hapa, hatua hii umeimaliza.

Ipo sura moja ambapo the hutumika kwa jumla: the na kivumishi, kwa maana ya watu wa aina fulani. "The rich", "the poor", "the sick". Hizo ni wingi, hivyo "the poor are", siyo "the poor is".

## Hatua ya 6: Majina ya mahali

Majina mengi hayataki kitu: Tanzania, Mombasa, Samora Avenue, Makerere University. Yanayotaka the yana dalili.

Dalili ya kwanza ni neno la kawaida ndani ya jina, kama Republic, Kingdom au States. Tanzania haina the, lakini "the United Republic of Tanzania" inayo. Vivyo hivyo "the United Kingdom", "the United Arab Emirates", na "the Democratic Republic of the Congo", yenye the mbili.

Dalili ya pili ni wingi: "the Comoros", "the Seychelles", "the Netherlands", "the Usambara Mountains". Mlima mmoja hauna: "Mount Kenya". Kisiwa kimoja hakina: "Pemba", "Mafia Island".

Maji yana desturi yake. Mito na bahari huchukua the: "the Rufiji", "the Tana River", "the Indian Ocean". Maziwa hayachukui: "Lake Victoria", "Lake Turkana". "The Lake Victoria" nimeiona hata kwenye mabango, nayo si sahihi.

Kwa taasisi, tazama of: "the University of Dar es Salaam", "the Bank of Tanzania", lakini "Kenyatta University". Na Serengeti hubadilika: watu husema "the Serengeti" wakimaanisha ile nyika, ila hifadhi yenyewe ni "Serengeti National Park".

## Hatua ya 7: Mazoea ya kukariri

Hapa kanuni zinapungua na mazoea yanatawala. Yakariri kwa mafungu, usiyatafutie hoja.

Mwanafunzi "goes to school". Mzazi aliyekwenda kulipa ada "goes to the school". Mfungwa yuko "in prison"; ndugu aliyemtembelea alikwenda "to the prison". Waumini "go to church"; fundi wa bomba anakwenda "to the church". Anayelitumia jengo kwa shughuli yake haweki the. Lakini msikiti haufuati mkumbo huo: "go to the mosque" kwa kawaida. Soko, benki na daktari pia: "the market", "the bank", "the doctor". Nyumbani ni "go home", bila to na bila the. Mgonjwa aliyelazwa, Waingereza husema "in hospital", Wamarekani "in the hospital". Chagua upande mmoja na ubaki nao.

Magonjwa yenye majina hayana kitu: "I have malaria", "she has diabetes". Dalili kadhaa na mafua huchukua a: "a fever", "a headache", "a cold".

Michezo haina the, ala za muziki kwa kawaida zinayo: "play football", "play the guitar". Masomo na lugha hazina: "mathematics", "Kiswahili". Safari ni "by bus", "by train". Kwa kila kilo au kila siku weka a: "3,000 shillings a kilo", "three tablets a day".

## Hatua ya 8: Pitisha barua nzima

Hii ni barua ya mfano, yenye makosa ya kawaida kabisa:

> I am teacher with diploma in education. I have an experience of five years at secondary school in Morogoro, where I teach the mathematics and the physics. Last year I was given the award by headmaster for best results in district. I am also member of school board. I am writing to apply for post of mathematics teacher which you advertised last week. I can come for interview at any the time.

Teacher na diploma ni umoja, zinahesabika, msomaji hazijui: a kwa zote mbili. Education ni fani kwa jumla, iache. Experience haihesabiki, ondoa an. Morogoro kuna shule nyingi za sekondari na mwajiri hajui ipi: a. Masomo hayana the.

Award ni mpya kwa msomaji: an. Headmaster ameshajulikana kwa kuwa shule imetajwa, na shule huwa na mmoja: the. Best ni kilele: the. District ni ile ya shule hiyo: the.

Wajumbe wa bodi ni wengi, bodi ni moja: "a member of the school board". Post imetambulishwa na maneno yanayofuata: the. Lakini mathematics teacher hapo inabaki wazi, kwa sababu baada ya post of au position of cheo hutajwa kama jina. Interview ni mpya: an. Any imekalia kiti, the iondoke.

> I am a teacher with a diploma in education. I have five years' experience at a secondary school in Morogoro, where I teach mathematics and physics. Last year I was given an award by the headmaster for the best results in the district. I am also a member of the school board. I am writing to apply for the post of mathematics teacher which you advertised last week. I can come for an interview at any time.

Sasa fanya hivyohivyo kwa ukurasa wako, nomino moja baada ya nyingine. Ukimaliza, weka karatasi kando mpaka kesho, kisha usome kwa sauti. Masikio ya asubuhi hukamata yaliyopita jana usiku.

## Jipime

Andika kwa Kiingereza kabla hujatazama majibu.

1. Nimelifunga duka.
2. Amekuja fundi wa umeme.
3. Nahitaji ushauri.
4. Yeye ni mkazi wa Mombasa.
5. Alisubiri nusu saa nje ya ofisi ya NGO moja.
6. Ziwa Tanganyika ndilo ziwa refu zaidi la maji baridi duniani.

Majibu

1. "I have closed the shop." Kile -li- kinadai the.
2. "An electrician has come." Fundi yuko nyuma ya kitenzi, ni mpya, na electrician inaanza kwa irabu.
3. "I need advice", au "I need some advice". Ukiandika "an advice", rudi hatua ya 3.
4. "She is a resident of Mombasa." Wakazi ni wengi, of peke yake haileti the.
5. "He waited for half an hour outside the office of an NGO." H ya hour haisikiki; ofisi imetambulishwa na mwenye nayo; "moja" ni ya kuleta kitu kipya, na N inatamkwa kwa irabu.
6. "Lake Tanganyika is the longest freshwater lake in the world." Jina la ziwa halina the, kilele kinayo, na dunia ni moja.